Utani wa Wagoa

Elk Fork, Nebraska
11 Septemba 1994

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mashine yako ya kukoboa mpunga inanguruma na wewe unamgombeza mtu, maana nikisikia umenyamaza ndipo ninapopata wasiwasi. Sisi hatujambo. Baba anatengeneza mitambo kwenye ghala la mahindi, mama anauguza wazee, na Amedeus ametimiza miaka tisa na siku hizi anaota kwa Kiingereza. Usiku anaomba maziwa kwa lugha ambayo mama haijui vizuri.

Mji huu una watu elfu mbili na mia nne, wote Wazungu isipokuwa sisi. Nikiingia dukani mwenye duka anainua kichwa, nikitoka anakishusha.

Wiki iliyopita shuleni ilikuwa siku ya mataifa, kila mwanafunzi alete chakula cha kwao. Wenzangu walileta soseji za Ujerumani na keki za Uswidi, nchi ambazo hawajazikanyaga. Mimi nilipika wali wa nazi na maharage. Nikakuta mwalimu, aliyesikia kwamba sisi Wagoa asili yetu ni Goa ya India, ameshaniandalia meza yenye bendera ya India na picha ya tembo aliyepakwa rangi usoni. Nikamwambia tembo ninaowafahamu mimi ni wa Mikumi, nao hawajipodoi. Akaniuliza kwa upole kwetu hasa ni wapi. Nikasema Ifakara. Akasema hapana, kabla ya hapo. Nikasema kabla ya hapo tulikuwa Mahenge.

Basi akaniomba nisalimie darasa kwa lugha ya mababu zangu. Nikasalimia kwa Kipogoro. Wakapiga makofi, na mwalimu akasema Kihindi ni lugha tamu. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, halafu nilipofika mlangoni kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

Dereva wa basi la shule, mzee mmoja anaitwa Dwight, kila asubuhi nikipanda ananiuliza ngamia wangu nimemfunga wapi. Basi zima linaangua kicheko. Mimi huinamisha kichwa mpaka tufike.

Shangazi, naomba nirudi. Nitamaliza shule Ifakara na nitalala kile chumba cha nyuma ya mashine. Pumba hazinisumbui. Baba sijamwambia.

Mwanao,
Agnetha


S.L.P. Ifakara
16 Oktoba 1994

Agnetha mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mashine nzima, isipokuwa mkanda ulikatika wakati wa foleni, kama kawaida yake kukatika siku ambayo watu wamepanga magunia mpaka barabarani. Mayunga, yule Msukuma wangu wa injini, ameufunga kwa mpira wa baiskeli na sasa anatembea kifua mbele kama mhandisi. Mvua bado. Baba yako ameniandikia mistari miwili tangu Pasaka. Mwambie nimeisoma yote miwili.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hukupiga. Watu elfu mbili na mia nne, nyinyi wanne. Mgoa mmoja kwa kila watu mia sita. Mimi hapa mji unakaribia elfu arobaini, na tangu mwondoke Mgoa ni mimi peke yangu. Kati yetu nani aandike barua ya kulia?

Lakini la ngamia nimelisoma mara mbili, kwa hiyo sikiliza. Hapa kwetu Wapogoro wana watani wao, Wandamba wana wao, na hata Mayunga aliposhuka tu kwenye treni ya TAZARA alikuta watani wanamsubiri wamcheke masikio. Sisi hatukuwa na mtu. Babu yako alipofiwa na mama yake watu walikuja, wakatoa pole, wakaondoka kwa adabu kama wanatoka benki. Hakuna aliyetukejeli. Babu yako alilizwa na adabu ile kuliko msiba wenyewe.

Ndipo ikaja suruali ya Mzee Egidius wa Lupiro. Wakati huo alikuwa kijana anaoa, na babu yako akamshonea suruali ya harusi yenye mguu mmoja mfupi kwa vidole vinne. Akaenda nayo altareni akiinama upande ili miguu ilingane. Misa ilipokwisha alikuja barazani kwetu, akasimama mbele ya cherehani na kutangaza kwamba kuanzia leo Wagoa ni watani wake, akachukua mkasi wa babu yako na hajaurudisha hadi leo. Ulikuwepo babu yako alipofariki. Ulimwona Egidius na ndugu zake walivyolala mbele ya gari la jeneza wakidai tepu ya kupimia, na namna watu walivyocheka huku machozi yanawatoka. Siku ile ndiyo tulikuwa watu wa Ifakara.

Kwa hiyo huyo dereva usimwinamishie kichwa. Mjibu. Akikasirika, alikuwa anakutukana, na utakuwa umemjua. Akicheka, umepata mtani, na mwenye mtani hana haja ya kuhama.

Chumba cha nyuma kina mambo kwa sasa. Tusikizungumze. Huyo Egidius mwenyewe amevuka na kivuko juzi na baiskeli yenye magunia mawili ya mpunga, akasema mashine yangu inavunja mchele kwa hasira za mwenyewe. Akaacha na samaki.

Shangazi yako, ambaye hajatendewa haki na mdogo wake,
Serafina


Elk Fork
4 Desemba 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo tena. Theluji imeanguka mpaka magotini, na Amedeus ameionja akasema haina chumvi. Mama ameongezewa zamu. Baba anavaa soksi mbili na bado anaomba radhi. Tangu tufike hapa anaomba radhi hata kwa milango.

Barua yako ilifika Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na Jumanne nilimjibu Dwight. Aliniuliza ngamia yuko wapi. Nikamwambia nimemfunga nyuma ya basi lako, ndiye analisukuma, ulidhani ni injini? Alicheka mpaka akapita kona bila kukunja, ikabidi turudi kinyumenyume na watoto wote wakishangilia. Tangu siku hiyo ikawa vita kamili. Mimi nikasema kichwa chake kinang'aa kuliko taa za basi, afadhali avue kofia usiku tuokoe umeme. Yeye akasema atapandisha ngamia mbele na kuniweka mimi nyuma. Watoto wakaanza kugombania viti vya mbele ili wasikie. Mmoja akaniomba nimtukane na yeye kidogo. Shangazi, nilikuwa naamka kabla ya saa kulia.

Halafu, wiki moja kabla ya Desemba, Dwight alikufa. Moyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyumbani.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, kanisa la Walutheri. Kuna jambo lilitokea mle ndani ambalo sitaliandika. Baba hasemi nami. Shuleni ninakula peke yangu.

Tafadhali niambie tu chumba kiko tayari lini. Ninaweza kulala hata na hayo mambo yaliyomo.

Agnetha


Ifakara
10 Januari 1995

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeuanza kwa kunificha. Sisi huku tumeshapanda mpunga, mvua zimekuja kwa kipimo kizuri, na nguruwe wa jirani amekula miche yangu ya mchicha, kesi ipo kwa balozi wa nyumba kumi na nitashinda.

Ulichokataa kuandika, baba yako amekiandika. Safari hii ametoa mistari mitatu, kwa hiyo najua ni jambo zito. Anasema ulinyanyuka katikati ya ibada, ukachukua kofia ya marehemu juu ya jeneza, ukaivaa, ukakaa kwenye ngazi za altare ukaendesha basi. Kwamba ulipiga honi kwa mdomo. Kwamba ulimwambia mchungaji jeneza halitoki mpaka ngamia wako alipwe. Anasema kanisa zima lilikuwa kimya mpaka ikasikika theluji ikidondoka kwenye paa, na yeye hajui aufiche wapi uso wake.

Nimeisoma mistari hiyo mbele ya Mzee Egidius, ambaye alikuwapo kwa sababu tairi yake ilipasuka. Tairi hiyo siku hizi inapasuka kila Jumapili, na kila mara inapasukia mbele ya mlango wangu. Alikuwa amekaa juu ya gunia. Nilipofika kwenye honi alianguka. Mayunga alizima injini akidhani mtu ameumia.

Alipoweza kupumua nilitegemea akusifu. Hakukusifu. Alijipangusa pumba, akasema: "Mwambie amefanya nusu ya kazi, na ile nusu nyepesi."

Nikachukia, kwa sababu ni kweli na sikuiwaza mimi. Ulikuwa mtoto siku tulipomzika babu yako. Uliona waliolala mbele ya gari. Hukuona kwamba watu walewale walikuwa wameamka alfajiri wakachimba kaburi, wakateka maji, wakapasua kuni, na wanawake wao wakapika chakula cha watu mia tatu bila sisi kunyoosha mkono. Mtani anaruhusiwa kumcheka maiti kwa sababu mikono yake ina udongo. Wewe uliingia na mikono safi. Hilo ndilo lililowanyamazisha, hata kama wao wenyewe hawajui.

Kwa hiyo huji huku kukimbia. Utakwenda kwa mjane. Usiende na maneno na usiende na kuomba radhi, baba yako ameshaomba za kuwatosha wote. Tazama kazi nzito iliyopo nyumbani kwake, uifanye mpaka iishe. Akikufukuza, fanya iliyo nje ya geti. Kama baada ya hapo bado hawakutaki, nitakutumia neno moja, njoo, na nitamkabili baba yako mimi.

Kuhusu chumba usiniulize. Kuna mafundi.

Serafina


Elk Fork
26 Februari 1995

Shangazi, Shangazi,

Shikamoo, na samahani mwandiko, mikono ina malengelenge. Sote wazima. Kesi ya nguruwe imeishaje?

Barua yako ilifika na theluji kubwa kuliko zote. Mjane wa Dwight anaitwa Verna. Nyumba yake ina njia ndefu ya gari mpaka barabarani, na ilikuwa imefunikwa kabisa, hakuna hata alama ya kiatu. Nilichukua koleo la baba nikaanza upande wa barabarani. Nilichota mpaka nikasahau kuogopa. Nilipofika karibu na ngazi nikaona pazia linasogea, kisha mlango ukafunguliwa. Akasimama pale amevaa koti la mumewe juu ya gauni la kulalia, ananitazama nikifanya kazi kwa muda mrefu.

Sikusema kitu, kama ulivyoagiza. Yeye ndiye aliyesema.

"Dwight hakuwa anakunja kona vile."

Nikasimama na koleo langu.

"Alikuwa anapiga chafya kwanza. Kila kona. Miaka yote. Wewe ulikata kona bila chafya."

Akaniamuru nirudie. Shangazi, nilikaa kwenye ngazi za barafu, nikashika koleo kama usukani, nikapiga chafya, nikakunja kona. Akasema chafya iwe kubwa zaidi. Nikapiga kubwa. Akakaa chini kando yangu, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi sikujua analia au anacheka na sikuuliza. Baadaye akaniambia kwamba kanisani alitaka kusimama anisahihishe, ila miguu ilikataa. Na kwamba Dwight kila jioni alikuwa akimsimulia nilichomjibu siku hiyo, na wakati mwingine walikaa mezani wakimtungia jibu la kesho yake. Yule ngamia alikuwa na jina, nami siku zote sikujua. Walimwita Gerald.

Nikamweleza mtani ni nini, kwa Kiingereza changu. Akasikiliza akitingisha kichwa kama mtu anayesomewa masharti ya kazi. Kesho yake akampigia baba simu kumwambia binti yake anachota theluji kama anayemlisha mtoto uji. Baba akaomba radhi. Verna akamwambia aache upuuzi, anakuja kula Jumapili.

Akaja. Akala wali sahani mbili, akasema Wagoa hawajui kupika, akachukua kofia ya baba msumarini na kuondoka nayo. Baba alibaki mlangoni kichwa wazi kwenye baridi, na nilidhani ataniadhibu. Akageuka, akasema taratibu, "Ameondoka na kofia yangu," halafu akacheka kile kicheko chake cha Ifakara, ambacho Amedeus hakuwahi kukisikia, mpaka akaogopa akamkimbilia mama. Nafikiri habari imeenea kutoka kwa Verna, maana shuleni sasa sili peke yangu, na dereva mpya, ambaye hana mzaha hata punje, kila asubuhi basi zima linamuuliza Gerald yuko wapi.

Chumba sikiombi tena. Lakini naomba hesabu, kama ulivyonifundisha. Katika barua yako ya kwanza Mzee Egidius alichukua aya moja na samaki mmoja. Katika ya pili amechukua karibu ukurasa, tairi, na gunia la kukalia. Na kuna mafundi. Tairi gani hupasuka kila Jumapili mbele ya mlango uleule?

Agnetha


Ifakara
9 Aprili 1995

Agnetha,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu mto Lumemo umetoka nje ya njia yake na njia yetu ikawa mto. Kesi nimeshinda. Nimelipwa kwa yule nguruwe mwenyewe, na sasa ana kazi ya kuliwa Agosti, ambayo nitakueleza.

Nimecheka kwa chafya ile mpaka Mayunga akazima injini tena. Anasema nikiendelea kupokea barua kutoka Amerika, mpunga wa tarafa nzima utaota ukiwa kwenye foleni.

Sasa hesabu yako. Iko sawa, na inaniudhi, kwa sababu nilikufundisha ili uitumie kwa wengine.

Ukuta wa chumba cha nyuma nimeuvunja tangu Oktoba ili kiungane na changu. Kitanda kimetoka Lupiro, kimevuka kwa kivuko kimefungwa juu ya baiskeli, na abiria wote wakamuuliza Egidius kama anahama au anafukuzwa. Padri ametangaza ndoa yetu mara mbili. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mpunga ukishaingia ndani. Mimi hamsini na mbili, yeye hamsini na tisa. Ukijumlisha ni mia moja na kumi na moja, na mtu wa umri huo haulizwi maswali ya kijinga, ingawa mama wa kwaya wanauliza.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unakililia chumba hicho, na sikutaka niwe wa kukwambia hakipo. Ungerudi Oktoba ileile ningekulaza juu ya magunia na kumwambia Egidius asubiri. Amesubiri tangu afiwe na mkewe, angesubiri tena. Lakini niliogopa utakuja. Hilo ulijue, kwa kuwa wewe umeniandikia yako.

Suruali ya harusi ninaishona mwenyewe. Babu yako alikata mguu mmoja mfupi kwa bahati mbaya. Mimi nitaukata kwa makusudi, vidole vinne kamili, nimeshapima. Yeye hajui. Nami nimemwambia mkasi aje nao, la sivyo ndoa hakuna.

Kitu kimoja tu kinanikera, na nimekaa nacho tangu padri aanze kutangaza. Mtani akishakuwa mume, utani wa nyumba unakwisha. Egidius hawezi kunilalia barabarani na huku ameshika mkono wangu. Ndugu zake sasa ni mashemeji, wataniletea adabu. Nitatoka kanisani katikati ya watu elfu arobaini na hakuna hata mmoja mwenye haki ya kunicheka. Kama bibi yake baba yako alivyozikwa.

Nafasi iko wazi. Sisemi zaidi.

Serafina


Elk Fork
21 Mei 1995

Mpendwa Shangazi Bibi Harusi,

Shikamoo, na ninaandika haraka kwa sababu posta inafungwa. Mama amecheka, baba amenuna kwa dakika moja kwamba hukumwandikia yeye, kisha akahesabu mistari aliyokuandikia wewe akaenda kutafuta kalamu. Tunakuja wote wanne. Tiketi zipo.

Verna haji, goti lake halipandi ndege. Lakini ametoa kofia ya Dwight, ile ya basi, niliyoivaa kanisani, anasema ni ya bwana harusi: watu wakitazama kichwani hawatatazama mguu. Anataka irudi na alama ya pumba ili ajue imefika. Kofia ya baba bado anayo, atairudisha siku wali utakapopikika.

Mimi nitakuwa mlangoni mwa kanisa. Nitachukua kiatu chako kimoja, cha kulia, na utachechemea kando ya bwana wako anayechechemea, barabara nzima ya soko. Nitadai ngamia. Usijaribu kunihonga kwa samaki.

Chumba usinitafutie. Niwekee jembe, shoka la kuni na lile sufuria kubwa la msibani, maana tutafika siku kumi kabla, na safari hii ninakuja na nusu zote mbili.

Mtani wako,
Agnetha